Kujifunza Kikorea kwa Anayezungumza Kiswahili: Mwongozo Kamili, Kuanzia Herufi hadi Mtihani wa TOPIK

Maswali ninayopokea kuhusu Kikorea yanafanana. Mtu ameshajifunza herufi, amekariri salamu na maneno mia kadhaa, tamthilia ameangalia za kutosha. Lakini akimsikiliza Mkorea akizungumza kwa kasi ya kawaida hashiki hata sentensi moja, na akijaribu kusema yeye, haeleweki. Anaamua kwamba sarufi ni ngumu mno, anaacha.

Sarufi inasingiziwa. Kwa sisi tuliolelewa na Kiswahili, sehemu kubwa ya sarufi ya Kikorea inatukuta tumeshajiandaa. Tunakoangukia ni kwenye sauti na maandishi, katika wiki za mwanzo kabisa, na makosa ya hapo yanatufuata mwaka mzima. Ndiyo maana hatua tatu za kwanza humu ni ndefu kuliko nyingine. Hata kama umeshasoma kwa miezi, anzia hapo.

## Utakavyohitaji

- Daftari la hesabu, lile la miraba. Silabi ya Kikorea huandikwa ndani ya mraba mmoja, na daftari hili litanyoosha mwandiko wako bila kulipia kitabu maalumu.
- Penseli na kifutio.
- Simu yenye kinasa sauti, pamoja na spika za masikioni. Spika ya simu peke yake huficha tofauti ndogo za sauti.
- Kipande cha karatasi nyepesi, kama ya risiti ya dukani. Utaona kazi yake katika Hatua ya 2.
- Kitabu kimoja cha kiada chenye sauti. Kimoja tu. Wenye vitabu vitano husoma sura ya kwanza mara tano.
- Kamusi ya msingi ya mtandaoni ya Taasisi ya Taifa ya Lugha ya Kikorea. Ni ya bure na ina sauti za maneno. Haina Kiswahili, ila ina maelezo kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu, kwa hiyo msomaji wa Lubumbashi au Muscat anaweza kuitumia kwa lugha aliyoizoea shuleni.
- Dakika 40 kila siku. Saa tano za Jumamosi peke yake haziwezi kufanya kazi hiyo, kwa sababu sikio husahau upesi kuliko akili.

## Hatua ya 1: Jifunze Hangul, kisha achana na herufi za Kilatini

Hangul, yaani alfabeti ya Kikorea, ina konsonanti 14 na irabu 10 za msingi. Ukiongeza za kurudiwa na za kuungana, unapata herufi 40. Wiki mbili zinatosha.

Anza na irabu, kwa sababu tano ni zako tayari: ㅏ ni a, ㅔ ni e, ㅣ ni i, ㅗ ni o, ㅜ ni u. Zitamke safi kama unavyozitamka siku zote. Kisha ㅑ, ㅛ na ㅠ ni ya, yo, yu, na ㅘ ni wa. Utakutana pia na ㅐ. Wakorea wengi wa leo hawaitofautishi na ㅔ kwa kutamka, hivyo usipoteze usiku kutafuta tofauti hiyo. Itunze kwa kuandika.

Irabu ngeni ni mbili. Kwa ㅓ, fungua mdomo kama unataka kusema a, vuta ulimi nyuma kidogo, na usiviringe midomo hata kidogo. Kwa ㅡ, sema u, uache ulimi ulipo, kisha tandaza midomo kama ya i. Fanya mbele ya kioo. Midomo ikijiviringa, umerudi kwenye o na u.

Katika konsonanti, ㅁ, ㄴ na ㅎ hazina shida. ㅅ ni s, lakini ikifuatwa na ㅣ inakuwa sh. ㅇ ikiwa mwanzoni mwa silabi haina sauti. Ikiwa chini ya silabi ni ng' ya ng'ombe, sauti ambayo wageni wengine huihangaikia na sisi tunayo tangu utotoni. ㄹ ikiwa kati ya irabu ni r nyepesi, na ikiwa mwishoni ni l.

Onyo. Usiandike matamshi kwa Kilatini daftarini. Mfumo rasmi wa Kilatini huandika ㅓ kama "eo" na ㅡ kama "eu", na jicho la Mswahili likiona "eo" linasoma silabi mbili, kama katika "leo". Ndiyo maana tunautaja mji mkuu wa Korea Kusini kwa silabi tatu, wakati 서울 ni silabi mbili tu. Kila neno utakaloandika kwa Kilatini litaharibika kwa namna hiyohiyo, na kulirekebisha baadaye ni kazi kubwa kuliko kujifunza jipya.

Umefaulu ukiweza kusoma vibao hivi kwa sauti bila kusita, hata kama hujui maana ya vyote: 은행, 약국, 병원, 버스, 택시, 라디오. Vitatu vya mwisho utavitambua kwa sikio lako mwenyewe.

## Hatua ya 2: Tenganisha sauti tatu zinazosikika kama moja

Hapa ndipo wengi wanapopotea bila kujua kwamba wamepotea. Sikiliza maneno haya matatu kwenye kamusi:

불 (moto), 풀 (nyasi), 뿔 (pembe).

Mara ya kwanza utasikia "pul" mara tatu. Kwa Mkorea, ni maneno matatu yasiyofanana. Utengano huohuo uko katika ㄱ ㅋ ㄲ, katika ㄷ ㅌ ㄸ na katika ㅈ ㅊ ㅉ. Ukisema 달 ni mwezi, 탈 ni barakoa, 딸 ni binti.

Shika karatasi yako nyepesi mbele ya midomo. Kwa ㅍ, pumzi itoke kwa nguvu, karatasi iruke, na sauti ianze juu. Kwa ㅃ, kaza koo, usitoe pumzi kabisa; karatasi isitikisike, na sauti nayo ianze juu. Kwa ㅂ, legeza kila kitu: pumzi kidogo, sauti ianzie chini. Huo mwinuko wa sauti usiupuuze. Vijana wa Seoul hutenganisha ㅂ na ㅍ mwanzoni mwa neno kwa mwinuko zaidi kuliko kwa pumzi.

Kosa letu kubwa ni kutamka ㅂ, ㄷ na ㄱ za mwanzo wa neno kama b, d, g za Kiswahili, zile zinazonguruma kooni. Kikorea hakina mngurumo mahali hapo. Herufi hizo hunguruma zikiwa katikati ya sauti zinazonguruma, kama irabu: katika 부부 (mke na mume), ya kwanza iko karibu na p, ya pili karibu na b.

Wenzetu wa Mombasa na Lamu wana akiba nyumbani. Katika lahaja zao, paa la nyumba na paa wa mwituni hutofautishwa kwa pumzi, vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Ukisikia mzee wa huko akitamka jozi hizo, yule mnyama mwenye pumzi atakupeleka kwenye ㅍ, na lile paa lisilo na pumzi litakukaribisha kwenye ㅃ.

Jirekodi ukisoma maneno matatu kwa mpangilio wa kubahatisha, yaache hadi kesho, kisha sikiliza uandike ulichosikia. Usipoweza kutambua sauti yako mwenyewe, Mkorea hataweza. Umefaulu ukipata tisa kati ya kumi, kwa sauti za kamusi na kwa zako.

## Hatua ya 3: Funga silabi, kisha sikiliza zinavyohama

Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu. Kikorea hufunga silabi kwa konsonanti ya chini iitwayo 받침, na ulimi wetu hukimbilia kuongeza irabu. Wali, 밥, unakuwa "babu". Kitabu, 책, kinakuwa "chegi".

Hili si suala la lafudhi tu. Mkorea akisikia "chegi" anaelewa 책이, yaani kitabu pamoja na kiambishi cha mtenda. Irabu yako ya ziada imebadilisha sarufi.

Zoezi: sema 밥, funga midomo, na uihesabie moja, mbili kichwani kabla ya kuifungua. Pasitoke pumzi. Fanya hivyo kwa 책, ulimi ukikwama nyuma, na kwa 옷 (nguo), ulimi ukikwama kwenye ufizi. Sauti za kufungia ni saba tu: ㄱ, ㄴ, ㄷ, ㄹ, ㅁ, ㅂ, ㅇ. Herufi nyingine zikikaa chini huangukia katika mojawapo ya hizo, kwa hiyo 낮 (mchana), 낫 (mundu) na 낯 (uso) hutamkwa sawa kabisa.

Ukishaweza kufunga, jifunze kufungua panapotakiwa. Kanuni tatu zinatosha kwa sasa:

1. Konsonanti ya chini ikifuatwa na irabu, huhamia silabi ya mbele. 옷이 husomwa 오시, 책을 husomwa 채글.
2. ㄱ, ㄷ, ㅂ za chini zikifuatwa na ㄴ au ㅁ, hugeuka sauti za puani. 입니다 husomwa 임니다, 한국말 husomwa 한궁말.
3. ㅎ ya chini ikifuatwa na irabu hupotea. 좋아요 husomwa 조아요.

Hii ndiyo sababu maneno unayoyajua kwenye karatasi yanakupita masikioni. Unasubiri kusikia 책을, na hakuna anayelitamka hivyo.

Kila siku chukua sentensi tatu za kitabu chako. Sikiliza bila kuangalia, andika ulichosikia, kisha linganisha. Usifute makosa, yazungushie duara. Baada ya mwezi utaona duara hizo zinakusanyika kwenye kanuni moja au mbili, na hapo utajua cha kurudia.

Kuanzia hapa sitaandika tena matamshi kwa herufi zetu. Huyahitaji.

## Hatua ya 4: Weka kibodi ya Kikorea kwenye simu

Konsonanti ziko kushoto, irabu kulia. Andika silabi kwa mpangilio unaoitamka, na simu yenyewe itazipanga ndani ya mraba. Wiki moja ya kuandika orodha ya sokoni kwa Kikorea inatosha kuzoea.

## Hatua ya 5: Jenga sentensi kuanzia mwisho

Kitenzi hukaa mwisho. 저는 밥을 먹어요: mimi, wali, nakula. 는 huonyesha tunayemzungumzia, 을 huonyesha kinachotendewa.

Angalia jinsi Kiswahili kinavyokubeba. Sisi hutenganisha "ni" na "-po, -ko, -mo", na Kikorea nacho hutenganisha. 학생이에요 ni "ni mwanafunzi". 집에 있어요 ni "niko nyumbani". Na kama sisi tunavyosema "nina" na "kuna" kwa mzizi mmoja, wao hutumia 있어요 kwa yote mawili, na 없어요 kwa "sina" na "hakuna". Wenye Kiingereza peke yake huchukua muda mrefu kuzoea hili.

Kauli za vitenzi vilevile. Tunasema kula na kulisha, wao 먹다 na 먹이다. Kulia na kuliza: 울다 na 울리다. Kuketi na kuketisha: 앉다 na 앉히다. Kuona na kuonekana: 보다 na 보이다. Tofauti ni kwamba hawaruhusu kila kitenzi kunyambuliwa hivi, kwa hiyo jifunze kila jozi kama ilivyo, usijitungie.

Ngeli hakuna. Furahia hilo.

Mambo mawili yatakutatiza kweli. La kwanza ni kwamba kitenzi cha Kikorea hakitaji mtenda. "Nilikula", "ulikula" na "alikula" zote ni 먹었어요, na muktadha huamua. Sisi, kwa kukosa kiambishi cha nafsi, huwa tunajaza 저는 kila mahali. Iseme mara moja, kisha iache. Kwa "wewe", usitumie 당신 kwa mtu unayeheshimu; mwite kwa jina lake likifuatwa na neno la heshima 씨, au kwa cheo chake.

La pili ni maelezo ya nomino, ambayo hutangulia. Nyumba kubwa ni 큰 집. Kitabu nilichonunua jana ni 어제 산 책, yaani o-rejeshi yetu imegeuzwa kichwa chini. Ukikutana na sentensi ndefu, usianze kushoto. Nenda kwanza kwenye kitenzi cha mwisho, kisha tafuta neno lenye 을 au 를 (kinachotendewa), kisha lenye 이 au 가 (mtenda). Yaliyobaki ni mapambo ya majina hayo.

Kuhusu 은/는 na 이/가, usipigane nazo miezi mitatu ya mwanzo. Shika hili tu: swali la "nani?" au "nini?" linalouliza mtenda hujibiwa kwa 이/가. Mengine yataingia kwa kusikiliza.

## Hatua ya 6: Heshima iingie ndani ya kitenzi

Aliyekua akiamkia wakubwa kwa shikamoo anaelewa mara moja kwamba umri hubadilisha maneno. Kikorea kinakwenda mbali zaidi: heshima hukaa mwishoni mwa kila sentensi.

Kanuni salama ni kumalizia kwa -요 kwa kila mtu mzima, mpaka yeye mwenyewe akuruhusu kulegeza. Kwa mkubwa, ongeza -시- anapokuwa ndiye mtenda, na ujue vitenzi vichache vinavyobadilika kabisa: 먹다 huwa 드시다, 자다 huwa 주무시다. Usijiwekee -시- wewe mwenyewe. Kujikweza kwa namna hiyo kunasikika vibaya.

Majina ya undugu hufuata jinsia ya msemaji. Mwanamke humwita dada mkubwa 언니, mwanamume humwita 누나. Kaka mkubwa ni 오빠 kwa mwanamke, 형 kwa mwanamume.

Onyo kuhusu tamthilia. Zilizotiwa sauti ya Kiswahili au kutafsiriwa na madijei ni burudani nzuri, ila hazikufundishi Kikorea. Tafuta zenye sauti asilia. Hata hizo, za kifalme zina lugha ya kale isiyotumika mtaani, na za mapenzi zimejaa lugha ya watu waliozoeana. Ukiipeleka kwa mwalimu wako au kwa bosi, utaonekana huna adabu.

Umefaulu ukiweza kuuliza "umekula?" kwa watu watatu: rafiki wa rika lako (먹었어?), mfanyakazi mwenzako (먹었어요?), na mzee (드셨어요?), bila kufikiri.

## Hatua ya 7: Namba mbili, na mtego wa saa

Kuna seti mbili za namba. 하나, 둘, 셋 huhesabu vitu, watu, umri na saa. 일, 이, 삼 huhesabu dakika, tarehe na pesa. Kwa hiyo saa hutumia seti moja na dakika nyingine: 일곱 시 삼십 분.

Sasa mtego wetu. 일곱 시 ya asubuhi ni saa moja asubuhi kwa hesabu ya Kiswahili. Ukitafsiri "saa moja" kuwa 한 시, umejipangia miadi saa sita baadaye. Usitafsiri saa kichwani. Tazama saa ya simu ikiwa kwenye tarakimu, isome moja kwa moja kwa Kikorea.

Pesa huhesabiwa kwa makundi ya 만, yaani 10,000. Noti kubwa kuliko zote Korea Kusini, ya won 50,000, ni 오만 원. Laki moja ni 십만, milioni ni 백만. Unapofanya mazoezi, weka alama kila baada ya tarakimu nne kutoka kulia badala ya tatu, na usome makundi hayo.

## Hatua ya 8: Jifunze maneno kwa ukoo

Zaidi ya nusu ya maneno ya kamusi ya Kikorea yana asili ya Kichina, na hujengwa kwa silabi zinazorudiarudia. 학 hubeba maana ya masomo: 학교 (shule), 학생 (mwanafunzi), 대학 (chuo kikuu), 수학 (hisabati), 과학 (sayansi), 방학 (likizo ya shule), 유학 (masomo ya ng'ambo). Ukishika 학생, silabi ya 생 inakufungulia 선생님 (mwalimu) na 생일 (siku ya kuzaliwa).

Tenga ukurasa mmoja wa daftari kwa kila silabi ya namna hii na uujaze kadiri unavyokutana na maneno. Kukariri orodha isiyo na mpangilio kunachosha na hakudumu.

## Hatua ya 9: Pima kwa TOPIK, na ujue malipo yako

Taasisi ya lugha ya wizara ya mambo ya nje ya Marekani inakadiria saa 2,200 za darasa kwa mwanafunzi wake kufikia Kikorea cha kazi. Hesabu hiyo ni ya wenye Kiingereza, kwa hiyo usiichukue kama hukumu yako, ila ikuondolee ndoto ya kufika huko kwa miezi mitatu.

TOPIK ndio mtihani wa umahiri wa Kikorea unaotambuliwa. TOPIK I ni ya ngazi ya 1 na 2: maswali 30 ya kusikiliza kwa dakika 40, na 40 ya kusoma kwa dakika 60, yote ya kuchagua jibu. Jumla ni alama 200. Ukipata 80 uko ngazi ya 1, ukipata 140 uko ngazi ya 2. TOPIK II ni ya ngazi ya 3 hadi ya 6, ina alama 300 na inaongeza kuandika. Matokeo hudumu miaka miwili, hivyo usifanye mapema kuliko unavyohitaji.

Kwa mwanafunzi wa kwetu, malipo makubwa kuliko yote ni ufadhili wa serikali ya Korea Kusini, Global Korea Scholarship. Wanaochaguliwa kwa shahada husoma lugha mwaka mmoja kabla ya masomo yao, na lazima wafikie ngazi ya 3 ndipo waendelee. Mwenye ngazi ya 5 au ya 6 huruka mwaka huo. Anayefika huko akiwa ameshamaliza hatua za sauti hutumia mwaka wa lugha kusoma lugha ya fani yake, wakati wenzake bado wanapambana na 불 na 풀.

Onyo. Upo mtihani mwingine, EPS-TOPIK, wa wafanyakazi wa viwandani na mashambani. Uliwekwa kwa nchi zilizotiliana makubaliano maalumu na Korea, nazo ni za Asia. Wakala akikutaka ada ya kukuandikisha mtihani huo kutoka Afrika Mashariki, uliza kwanza ubalozi wa Korea kabla ya kutoa hata shilingi.

Karatasi za mitihani iliyopita ya TOPIK zinapatikana bure kwenye tovuti yake rasmi. Pakua moja, weka saa, fanya sehemu ya kusikiliza bila kusimamisha sauti. Ukipata chini ya nusu ya maswali ya kusikiliza huku ya kusoma yakiwa mazuri, usiongeze maneno mapya mwezi huo. Rudi Hatua ya 3, sentensi tatu kwa siku, kisha ufanye karatasi nyingine.